Bokali moja, feti za mwaka muzima: namna ya kuivalisha bila kuharibu chakula

Mayonezi inaisha, konfitire inaisha, kahawa inaisha, bokali inabakia. Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, toka Katuba mpaka Ruashi, toka komini Kenya mpaka Kampemba, bokali ya kioo yenye kifuniko kizima haitupwake ovyo. Inaoshwa, inakaushwa, inapewa kazi ingine: sukari, chumvi, karanga, ndakala kavu, pilipili, uyoga wa kukausha. Na siku za feti zikikaribia, mama ao watoto wanatamani kuipamba, ili nayo ifanane na nyumba.

Hapo njo shida inaanziaka. Mtu anapaka rangi ya mafuta kwa Noeli, na mwezi wa ine Baba Noeli angali anacheka juu ya meza ya Pasaka. Mwingine anagandisha karatasi kwa kole kali, na siku ya kuitoa anakwangua kwa kisu mpaka kioo kinapasuka. Mbaya zaidi, pambo linafunika bokali nzima, na chini yake karanga zinaota ukungu bila mtu kuona.

Dawa ya mambo haya yote ni moja: pambo liwe nguo ya bokali, lisiwe ngozi yake. Nguo inavaliwa, inavuliwa, inafuliwa, inabadilishwa. Kioo kinabakia safi, chakula kinaonekana, na bokali moja inatumika kwa feti zote za mwaka, mwaka nyuma ya mwaka.

Kwa nini kioo kinastahili kuchungwa

Kioo hakinywe harufu. Bokali iliyokuwa na pilipili, ikioshwa muzuri, inaweza kupokea sukari. Kopo ya plastiki haiwezi. Panya hawezi kukitoboa. Na kifuniko cha kuzungusha, kama kingali kizima, kinazuia sisimizi, fukusi na hewa yenye maji.

Kwa Lubumbashi hilo si jambo dogo. Kipindi cha mvua, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka mwezi wa ine, hewa ina unyevu mwingi: chumvi inalowa, sukari inashikana, samaki kavu anaanza kunuka. Kipindi cha baridi na jua, vumbi inaingia kila pahali. Na vumbi ya mji wa migodi ina vitu vyake. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa wakaaji wa Katanga: watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini walikutwa na kobalti nyingi sana mwilini, na watoto pia. Kufunika chakula hakumalizi shida hiyo, lakini ni moja ya mambo ambayo nyumba inaweza kujifanyia.

Kuna neno moja la kukumbuka. Bokali inafunga hewa ya inje, lakini inafunga pia maji yaliyo ndani. Karanga, mahindi ao ndakala ikiingia mbele ya kukauka kabisa, ukungu unakuja. Ukungu fulani wa karanga na mahindi unatoa sumu inayoitwa aflatoksini, ambayo inaharibu maini, na kupika hakuiondoe. Kwa hiyo: jua kwanza, bokali kisha. Na macho lazima yaweze kuona ndani kila siku. Pambo lenye kuficha chakula ni pambo baya, hata likiwa na uzuri gani.

Kutayarisha bokali

Kwanza, jua bokali imetoka wapi. Ile ya mayonezi, konfitire, asali, kahawa ao tomati ni sawa. Ile ambayo mtu aliwekamo asidi, mafuta ya gari, dawa ya panya, dawa ya shamba ao kitu cha laboratware isirudie tena jikoni, hata ukiiosha mara kumi. Kama hujue historia yake, itumike kwa misumari na vifungo.

Pili, angalia mdomo. Usipitishe kidole. Chukua kipande cha pamba ao cha soksi ya nilo, ukizungushe juu ya mdomo wa bokali. Kikinaswa pahali, kuna ufa ao kioo kimekatika. Bokali hiyo haifai kwa chakula wala kwa mtoto.

Tatu, ondoa karatasi ya kiwanda. Iache ndani ya maji ya vuguvugu na sabuni kwa nusu saa, kisha ivue. Kole ikibakia, usitumie kisu. Pakaa mafuta ya kupikia juu yake, ngojea tena nusu saa, kisha sugua kwa kitambaa chenye majivu laini ya mbabula ao bikarboneti. Mafuta yanalegeza kole, majivu yanaikokota. Malizia kwa sabuni na maji safi.

Ine, chemsha. Kioo cha kawaida kinavunjika kama upande mmoja umepata moto haraka kuliko upande mwingine. Kwa hiyo, usimwange maji ya moto ndani ya bokali baridi. Tandika kitambaa chini ya sufuria, weka bokali ndani ya maji baridi, kisha washa mbabula. Moto upande polepole, na maji yakiisha kutokota, hesabu dakika. Vitabu vingi vinasema dakika kumi, lakini hiyo ni kwa miji ya kando ya bahari. Lubumbashi iko juu, zaidi ya metre 1.200, na pale maji yanatokota kwa digri karibu 96, si 100. Ongeza dakika moja kwa kila metre 300: hiyo inafikia dakika kumi na ine. Dakika kumi na tano ni sawa. Kwa wakaaji wa Bukavu na Goma, ambao wako juu zaidi, ongeza mbili tena. Wale wa Kalemie, walio chini kidogo, hawapotezi kitu wakifuata dakika zilezile.

Kifuniko hakichemshwe muda mrefu, juu mpira wake wa ndani unaharibika. Kioshe kwa sabuni, ukiache wazi kwenye jua siku nzima. Harufu ya mayonezi inatoka paka namna hiyo.

Rangi: pahali pa kuwa na akili

Watu wanapenda kupaka bokali rangi ya milango ao verni ya kucha. Haikatazwe kwa chupa ya maua. Kwa bokali ya chakula, kuna mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni risasi, ile madini nzito ambayo ingali inakutwa ndani ya rangi fulani za mafuta, zaidi rangi ya manjano, nyekundu na kijani yenye kung'aa. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina hatari kwa mtoto. Mtoto anashika bokali, rangi inabanduka, anapeleka kidole mdomoni. Hauoni kitu siku ile. Akili yake njo inalipa kisha.

La pili ni mdomo wa bokali. Hata rangi ikiwa nzuri, acha sentimetre mbili toka mdomoni bila kupaka kitu. Pale njo kijiko kinagusa, pale njo chakula kinapitia. Na ndani ya bokali, kamwe: hakuna rangi, hakuna kole, hakuna verni.

La tatu ni shaba. Lubumbashi ni mji wa shaba, na watu wanapenda kuzungushia bokali waya wa shaba ao kugandisha vijiwe vya malakiti, lile jiwe la kijani ambalo wachongaji wanauzisha. Ni mzuri sana kwa macho. Lakini malakiti ni shaba pia, na shaba haipatane na vitu vya asidi. Siki, ndimu, tomati vinaiyeyusha, na shaba nyingi katika chakula inaleta kutapika na tumbo. Kwa hiyo shaba ibakie inje, mbali na mdomo, na bokali hiyo ipewe vitu vikavu tu. Waya wenyewe upatikane kwa fundi anayerekebisha moteri, ambaye anakuwaka na mabaki. Ule waya mtu anakuuzishia usiku bila kueleza umetoka wapi, mara nyingi umekatwa ku liny ya SNEL, na kartie nzima iko ndani ya giza juu yake.

Kushona nguo ya bokali

Kitu kizuri kuliko rangi kiko tayari katika kila avenue: mabaki ya vikwembe kwa fundi wa kushona. Vipande ambavyo havitoshe hata mkono wa blauzi vinatosha bokali mbili.

Kupima ni rahisi. Zungusha kamba mara moja kwenye tumbo la bokali, kisha ilaze juu ya rula. Kama hauna kamba, pima upana wa bokali na uzidishe kwa 3,14. Bokali yenye upana wa sentimetre 9 ina mzunguko wa sentimetre 28 na kidogo. Ongeza mbili za kupindanisha: kata kitambaa cha sentimetre 30. Kwa urefu, usifunike bokali nzima. Kama bokali ina sentimetre 14 toka chini mpaka kwenye shingo, mukanda wa sentimetre 6 ao 7 unatosha. Juu na chini kioo kinabakia wazi, na hapo njo dirisha la kuangalia chakula: chini unaona ukungu na fukusi, juu unaona kiasi kilichobakia.

Kama chakula chenyewe kinaharibiwa na mwangaza, sawa mafuta ya mawese ao pilipili ya unga, nguo inaweza kuwa ndefu zaidi. Mwangaza unafifisha rangi ya pilipili na unafanya mafuta yaanze kunuka. Hapo kikwembe kinafanya kazi mbili, kupamba na kuchunga. Lakini acha kidirisha kidogo, hata kama ni cha vidole viwili.

Kufunga kunafanyika bila kole. Chukua mpira wa ndani wa kinga uliotoboka, uoshe, uukate kwa makasi kama pete. Pete moja juu, pete moja chini, kitambaa kinakaa. Anayejua kushona anaweza kutia vifungo viwili ao lastike. Siku ya kubadilisha, ni sekunde kumi.

Anayependa karatasi atengeneze kole ya bunga ya muhogo: kijiko kimoja cha bunga, vijiko vitano vya maji, unapika na kuvuruga mpaka inakuwa kama uji mzito wenye kung'aa. Inashika muzuri na inatoka kwa maji ya vuguvugu. Kasoro yake ni mende: wanapenda kuila. Basi karatasi iliyogandishwa kwa kole ya muhogo iondolewe mara feti ikipita.

Maumbo ya kwetu

Si lazima kuiga teluji na miti ya Ulaya. Mji huu una shule yake ya mapambo. Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa, wakati mji ulikuwa ungali unaitwa Élisabethville, karakana ya wachoraji iliyojulikana kama Le Hangar. Aliwakataza wachoraji wake kuiga Wazungu. Kila mmoja alitafuta mkono wake. Bela alipaka kwa ncha za vidole, alama ndogondogo zilizojaza karatasi nzima. Mwenze Kibwanga alijaza picha zake kwa mistari mifupi yenye kukutana. Pili Pili Mulongoy alichora samaki, ndege na majani.

Namna hizo zinafaa kabisa kwa mukanda wa bokali. Mtoto wa miaka mitano anaweza kufanya sawa Bela: anachovya kidole katika rangi ya maji ya shule na kupiga alama juu ya kitambaa cheupe. Wa miaka kumi anaweza kuchora mistari ya Mwenze kwa bik. Samaki wa Pili Pili anapatana na bokali ya ndakala.

Kuna pia musalaba wa shaba, ile krwazeti ya zamani. Kabla ya franga, misalaba hiyo ilikuwa feza ya Katanga, na wachimbaji wa mambo ya kale waliikuta katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale. Umbo lake ni rahisi kukata katika kitambaa cha rangi ya mchanga ao karatasi ya kahawia.

Na wakubwa wanakumbuka picha za mamba muntu, yule mwanamuke wa maji, zilizotundikwa katika saluni nyingi miaka ya 1970. Wachoraji kama Tshibumba Kanda Matulu walichora historia ya inchi juu ya kitambaa cha mifuko ya bunga. Kutengeneza kitu cha uzuri katika kitu kilichokwisha kutumika si mtindo mpya hapa Lubumbashi.

Kalenda ya nguo

Nguo sita ao saba zinatosha mwaka muzima. Zingine ni za furaha, zingine hazistahili ribani ya kung'aa.

Januari. Bonane ina nguo yake, rangi yoyote ya furaha. Lakini tarehe 4 ni ya mashahidi wa uhuru, kukumbuka waliokufa Léopoldville mwaka 1959. Tarehe 16 ni ya Laurent-Désiré Kabila, aliyeuawa mwaka 2001. Tarehe 17 ni ya Patrice Lumumba, ambaye aliuawa mwaka 1961 hapa Katanga, karibu na mji huu, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Nyumba inayotaka kufundisha watoto inaweza kuvua nguo ya Bonane tarehe 3 na kuweka mukanda mweupe wa kawaida. Mtoto atauliza, "Mama, juu ya nini imekuwa nyeupe?" na hapo hadisi inaanza.

Machi. Tarehe 8 ni ya wanamuke, na kila mwaka vikwembe vya siku hiyo vinauzwa. Mabaki yake yanafaa. Lakini katika mikoa ya mashariki, tarehe 8 imekuwa pia siku ya kufikiri juu ya wamama waliopoteza nyumba, watoto na mwili wao katika vita. Familia zingine zinaachaka kikwembe cha feti na kuvaa nyeusi. Bokali nayo inaweza kufuata.

Aprili. Tarehe 6 inakumbuka Simon Kimbangu, aliyeanza kazi yake Nkamba mwaka 1921. Tarehe 30 ni siku ya mwalimu. Pasaka nayo inatembea, kama tutakavyoona chini.

Juni. Tarehe 30 ni uhuru. Rangi ziko katika bendera ya mwaka 2006: bulu ya mbingu kwa amani, nyekundu kwa damu ya mashahidi, manjano kwa utajiri wa inchi, na nyota moja. Mukanda wa bulu wenye mustari mwekundu uliopakana na manjano ni rahisi kushona, na unafaa tena kila siku timu ya taifa inacheza.

Agosti. Tarehe 1 ni siku ya wazazi. Asubuhi watu wanaenda ku makaburi kufyeka majani na kusafisha kaburi za wazazi waliokufa. Kisha wanarudi kukaa na wale wangali wazima. Bokali inayopelekwa na maua ijazwe mchanga wenye unyevu, si maji, juu maji yakikaa yanazaa mbu. Na bokali iliyokaa ku kaburi isirudi jikoni. Kesho yake, tarehe 2, inchi inakumbuka mamilioni ya Wakongomani waliouawa katika vita, ile siku inayoitwa Genocost. Mukanda mweupe wa Januari unarudi.

Desemba. Noeli, tarehe 25. Nyekundu na kijani zimezoeleka, lakini hata kikwembe chenye majani ya kijani na pete za waya wa shaba kinatosha. Katika parokia za Wakatolika rangi ya Noeli na ya Pasaka ni nyeupe, na zambarau ni ya Majilio na Kwaresima. Anayefuata kalenda hiyo anaweza kuwa na nguo ya zambarau, nyeupe na kijani tu, na mwaka umeisha.

Feti zinazotembea

Pasaka haina tarehe ya kudumu. Ni Siku ya Mungu inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Kwa hiyo inaanguka kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Idi inatembea zaidi. Mwaka wa Waislamu unafuata mwezi na una siku 354 ao 355, kwa hiyo kila mwaka Idi ya kufungua na Idi ya kuchinja zinarudi nyuma siku kumi ao kumi na moja. Baada ya miaka karibu 33, inakuwa imepitia misimu yote. Anayeandika tarehe juu ya bokali kwa rangi isiyotoka ataona mwaka unaofuata kwamba tarehe ni ya uongo. Mwenye nguo ya kubadilisha hana shida.

Katika avenue moja ya Lubumbashi unaweza kukuta nyumba ya Wakatolika, ya Wametodisti, ya Waislamu na ya Wakimbangu. Bokali ya tende ao ya visheti kutoka kwa jirani wa Idi haipaswi kurudishwa tupu. Inarudi na karanga siku ya Noeli, imevaa nguo ingine.

Mushumaa na hatari yake

Kuriya ikikatika usiku wa feti, wengi wanaweka mushumaa ndani ya bokali. Kwanza, vua nguo: kikwembe, karatasi na mpira vinashika moto. Pili, weka mchanga mkavu wa sentimetre mbili ao tatu chini, mushumaa usimame ndani yake, ili moto usiguse kioo. Tatu, zima mbele ya mushumaa kufikia mchanga. Kioo kilichochomwa upande mmoja kinapasuka ghafula, na vipande vinaruka. Kisha usiku huo, bokali ya mushumaa ibakie bokali ya mushumaa.

Zawadi isiyogeuka uchafu

Kwa mwalimu tarehe 30 Aprili, ao kwa mzazi tarehe 1 Agosti, bokali iliyojazwa sukari, kahawa ao karanga za kukaanga na kuvalishwa muzuri ni zawadi yenye heshima. Haina garama kubwa kama maua ya plastiki, na haifi kesho yake. Ukimpa mukubwa, mupe na mikono miwili na mwambie ndani kuna nini na imejazwa lini. Kwenye kipande kidogo cha karatasi kilichofungwa kwa uzi, andika kitu na tarehe: "karanga, tarehe 28 mwezi wa 7". Hapo njo maandishi yana faida kuliko pambo.

Kama unatia kitu cha mafuta, sawa pilipili ya kusaga na vitunguu saumu, usiitoe zawadi ya kukaa meza miezi. Vitu vibichi vilivyozamishwa katika mafuta, bila siki na bila baridi, vinaweza kuzaa sumu ya botulizimu, ambayo haina harufu wala rangi. Hiyo inaliwa kwa siku chache, na inawekwa ku frigo. Kwa zawadi, chagua vitu vikavu.

Kuchunga nguo na bokali

Feti ikipita, nguo zinafuliwa, zinakaushwa, zinakunjwa ndani ya bokali moja ya akiba. Mara moja kwa mwezi, hata bila feti, vua nguo ya kila bokali na uangalie mambo manne: kuna ukungu, kuna wadudu, kifuniko kingali kinafunga, kioo kina ufa? Kitu kimoja kikiwa kibaya, chakula kinatoka kwanza, nguo itangojea.

Na bokali ikivunjika, kama inavyovunjikaka, vipande vifungwe ndani ya karatasi nzito na viwekwe pahali mbali na mikono ya watoto wanaotafuta vitu ku mataka. Chakula kilichokuwamo kitupwe chote, hata kama kilikuwa kilo ya sukari, juu kipande cha kioo kidogo hakionekane ndani ya sukari. Nguo inabakia. Itavalishwa bokali ingine, siku mayonezi itaisha tena.